Kuhama kutoka Tomcat ya zamani na kuunganisha kanzidata: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mafundi wanaotunza mifumo ya ofisi Tanga mjini na wilayani: saccos, shule, zahanati, mawakala wa forodha wa bandarini. Mifano ni ya Tomcat (seva inayoendesha programu za wavuti za Java) kwenye Linux, Ubuntu au Debian, pamoja na kanzidata ya MySQL. Pale PostgreSQL inapokwenda tofauti, tumesema.

Mfumo wetu uko kwenye Tomcat 7 na unafanya kazi. Kwa nini tuuguse?

Kwa sababu tundu likigunduliwa leo, hakuna wa kukuzibia. Tomcat 8.0 ilifikia mwisho wa matunzo Juni 2018, Tomcat 7 tarehe 31 Machi 2021, na 8.5 tarehe 31 Machi 2024.

Mfano wa tundu lenyewe ni Ghostcat, CVE-2020-1938. Mtu akiifikia poti 8009 anaweza kusoma mafaili yaliyomo ndani ya programu, ikiwa ni pamoja na lile lenye nywila ya kanzidata. Lilizibwa kwenye 7.0.100, 8.5.51 na 9.0.31. Kabla hujasoma swali linalofuata, andika hii kwenye seva:

`ss -ltnp | grep 8009`

Ukiona `*:8009` au `0.0.0.0:8009`, ifunge leo hii hata kama kuhama kutakuwa mwezi ujao. Nenda kwenye `server.xml`, ondoa Connector ya AJP (lango la poti 8009, ambalo seva ya wavuti ya mbele huzungumza na Tomcat), kisha zima na uwashe Tomcat. Kama mbele yake kuna Apache inayopitia AJP, ongeza `address="127.0.0.1"` badala ya kuiondoa.

Twende toleo la 9, 10.1 au 11?

Anayeamua ni msimbo wako. Kuanzia Tomcat 10, majina yote ya `javax.servlet` yalibadilika kuwa `jakarta.servlet`. Programu ya zamani ukiitupia Tomcat 10.1 vilevile ilivyo, haitawaka. Angalia:

`grep -rl "javax/servlet" WEB-INF/classes`

Ikileta majina ya mafaili, nenda Tomcat 9 na usijisumbue. Amri hiyo haioni ndani ya mafaili ya jar (maktaba za Java) kwa kuwa yamebanwa, kwa hiyo fungua `WEB-INF/lib` pia: Spring 5 ni ya `javax`, Spring 6 ni ya `jakarta`.

Kuna njia ya mkato: Tomcat 10 ina folda `webapps-javaee`. Ukiweka WAR (faili moja lililobeba programu nzima) ya zamani humo (folda yenyewe unaiunda mwenyewe), Tomcat inaigeuza na kuiweka kwenye `webapps`. Inasaidia pale aliyeandika mfumo alishaondoka na msimbo wake. Lakini kama hulazimiki, 9 inatosha kwa sasa.

Na Java?

Tomcat 9 inataka Java 8 au zaidi, 10.1 inataka 11 au zaidi, 11 inataka 17 au zaidi. Mitego miwili inajirudia. Kwanza, Java 11 iliondoa `javax.xml.bind`, programu inayoitumia itatoa `NoClassDefFoundError` mpaka uiongezee jar zake. Pili, `-XX:MaxPermSize` iliyobaki kwenye `setenv.sh` tangu enzi za Java 7. Java 8 na 11 zinalalamika tu na kuendelea, Java 17 inagoma kabisa kuwaka. Ifute.

Tusakinishe juu ya ile ya zamani?

Hapana, hata siku moja. Weka mpya pembeni, zote mbili ziwake, kisha hamisha mlango. Mpango ni huu:

1. Andika kilichopo: `bin/version.sh`, `java -version`, na ndani ya MySQL `SELECT VERSION();`.
2. Chukua nakala rudufu ya kanzidata: `mysqldump --single-transaction --routines --triggers --events chama > chama.sql`. Hapa `chama` ni jina la kanzidata ya mfano. Ifungue nakala kwenye mashine nyingine uhakikishe inafunguka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa usiihesabu.
3. Pakua tar.gz ya Tomcat 9 kutoka tomcat.apache.org, linganisha `sha512`, ifungue kwenye `/opt/tomcat9`, mmiliki awe mtumiaji `tomcat` asiye na ruhusa ya kuingia. Debian 12 haina kifurushi cha seva ya Tomcat 9, ndiyo maana tunapakua wenyewe.
4. Kwenye `server.xml` mpya badilisha poti mbili: 8080 iwe 8081, na ile ya kuzimia 8005 iwe 8006. Anayesahau ya pili hukuta Tomcat mpya inagoma kwa `Address already in use` huku akiapa kwamba poti alishabadilisha.
5. Weka draiva na usanidi wa kanzidata, kama ilivyoelezwa chini.
6. Jaribu kupitia 8081.
7. Kwenye Nginx, seva ya wavuti iliyo mbele ya Tomcat, geuza `proxy_pass` kutoka 8080 kwenda 8081, `nginx -t`, kisha `systemctl reload nginx`. Mambo yakiharibika, kurudi nyuma ni kubadili tarakimu moja, na kuiwasha ile ya zamani kama umeshaizima.

Si ningenakili tu server.xml ya zamani?

Usinakili. Ya Tomcat 7 ina `JasperListener`, ambayo haipo tena tangu Tomcat 8. Utapata `ClassNotFoundException` kabla hata programu haijaguswa. Fungua mafaili mawili ubavu kwa ubavu, uhamishe mstari mmoja mmoja unaoujua maana yake.

Draiva ya MySQL inakaa wapi?

Draiva ni jar inayoiunganisha Java na MySQL. Inakaa kwenye `/opt/tomcat9/lib`, iwe moja tu. Ukiitangaza kanzidata kwenye Tomcat yenyewe, draiva ikabaki ndani ya `WEB-INF/lib` peke yake, Tomcat haitaiona. Na ukiacha ya 5.1 pamoja na ya 8, hujui ni ipi itakayoshika. Futa ya zamani, hata ile iliyojificha ndani ya WAR.

Jina la darasa sasa ni `com.mysql.cj.jdbc.Driver`. Lile la zamani, `com.mysql.jdbc.Driver`, bado linakubalika kwa onyo kwenye logi, halivunji kitu.

Tuonyesheni usanidi kamili wa muunganisho.

Huu hapa, uwekwe kwenye `conf/Catalina/localhost/chama.xml`. Jina la faili ndilo njia ya programu, yaani `/chama`.

```
<Context>
  <Resource name="jdbc/ChamaDB" auth="Container"
    type="javax.sql.DataSource"
    driverClassName="com.mysql.cj.jdbc.Driver"
    url="jdbc:mysql://127.0.0.1:3306/chama?connectionTimeZone=Africa/Dar_es_Salaam&amp;sslMode=PREFERRED"
    username="chama_app" password="..."
    maxTotal="30" maxIdle="10" minIdle="2"
    maxWaitMillis="10000"
    testOnBorrow="true" validationQuery="SELECT 1"
    maxConnLifetimeMillis="1800000"/>
</Context>
```

Tazama `&amp;` kwenye url. Hili ni faili la XML, `&` tupu inalivunja. Nywila yenye `&` au `<` nayo iandikwe hivyohivyo, `&amp;` na `&lt;`.

`javax.sql.DataSource` haibadiliki hata ukienda Tomcat 10 au 11, kwa sababu ni ya Java yenyewe. Waliofanya tafuta-badilisha ya `javax` kuwa `jakarta` kwenye kila faili huangukia hapa.

Faili liwe na ruhusa `640`, mmiliki `tomcat`. Weka nakala yake mahali pengine: kufuta WAR wakati Tomcat inawaka kunaweza kulifuta na hili.

Mtumiaji wa kanzidata asiwe `root`:

`GRANT SELECT, INSERT, UPDATE, DELETE ON chama.* TO 'chama_app'@'localhost';`

Kama MySQL yako imewekewa `skip_name_resolve`, andika `'127.0.0.1'` badala ya `'localhost'`.

Baada ya kuhama, mfumo unaganda watu wakiwa wengi. Zamani haikuwa hivyo. Kwa nini?

Kwa sababu ya neno moja, na hili ndilo linalowasumbua watu kuliko yote kwenye ukurasa huu.

Tomcat haifungui muunganisho mpya kila mtu anapobofya. Ina hodhi ya miunganisho, na inafanya kazi kama hodhi ya msikitini: kata ziko ukingoni, unachukua moja, unatawadha, unairudisha kwa mwenzako. Idadi ya kata kwenye Tomcat 7 iliitwa `maxActive`. Kuanzia Tomcat 8 inaitwa `maxTotal`. Muda wa kusubiri kata uliitwa `maxWait`, sasa ni `maxWaitMillis`.

Ukihamisha usanidi wa zamani wenye `maxActive="100"`, Tomcat haikatai. Inaandika onyo kwenye logi kwamba jina hilo halitumiki tena, inalipuuza, na kuchukua idadi yake ya kawaida, ambayo ni 8. Kata mia zimegeuka nane. Na `maxWait` nayo ikipuuzwa, kusubiri kunakuwa bila kikomo: mtumiaji wa tisa anatazama duara likizunguka, haoni hata kosa. Fundi akijaribu peke yake saa tano usiku, kila kitu ni chepesi. Asubuhi wahudumu kumi wakiingia, mfumo umekwama.

Kagua hivi:

`grep "is not used in DBCP2" logs/catalina.out`

DBCP2 ndilo jina la hodhi ya kawaida ya Tomcat. Ikileta mstari wowote, umepata mgonjwa wako.

Tofauti moja: kama Resource yako ina `factory="org.apache.tomcat.jdbc.pool.DataSourceFactory"`, hiyo ni hodhi ya aina nyingine, na yenyewe bado inatumia `maxActive` na `maxWait`. Usibadilishe.

maxTotal iwe ngapi?

Anzia kwenye kanzidata. MySQL kwa kawaida inaruhusu miunganisho 151, PostgreSQL 100, ambamo 3 zimewekwa kando kwa msimamizi. Jumlisha `maxTotal` za programu zote, ongeza tano za nakala rudufu na za wewe mwenyewe kuingia, jumla iwe chini ya hapo.

Watu wanasahau kwamba wakati wa kuhama Tomcat zipo mbili. Saccos ina 30, mfumo wa shule 20: hiyo ni 50. Zikiwaka Tomcat zote mbili, inafika 100. Kwenye MySQL unapita, kwenye PostgreSQL utakutana na `remaining connection slots are reserved`. Kwa ofisi ya watu ishirini, 30 ni nyingi. Anayeweka 500 "kwa usalama" anahamisha foleni kutoka Tomcat kwenda kwenye kanzidata, na huko inaumiza zaidi.

Hodhi inakauka hata tukiongeza idadi. Tunaongeza, baada ya siku mbili inakauka tena.

Kuna anayeondoka na kata. Mahali fulani kwenye msimbo muunganisho unafunguliwa na haufungwi, mara nyingi pale kosa linapotokea katikati. Dawa ni `try` ya Java inayofunga yenyewe. Kumtafuta mhalifu, ongeza kwa muda:

`removeAbandonedOnBorrow="true" removeAbandonedTimeout="300" logAbandoned="true"`

Logi itakuonyesha darasa na mstari uliochukua bila kurudisha. Usishushe sekunde hizo 300 ovyo: ripoti ya mwisho wa mwezi inayochukua dakika sita itakatwa katikati, na mhasibu atakuja juu.

Kila asubuhi mtu wa kwanza anapata kosa. Akibofya mara kadhaa linaondoka.

Soma kosa lenyewe mpaka mwisho. Litakuwa na maneno kama haya:

`The last packet successfully received from the server was 57,600,000 milliseconds ago`

Gawa kwa 3,600,000. Inakuja saa 16: tangu ofisi ilipofungwa saa kumi jioni hadi saa mbili asubuhi. MySQL hukata muunganisho uliokaa kimya kwa sekunde 28,800, yaani saa nane. Tomcat haijui, inamkabidhi mteja wa kwanza muunganisho uliokufa usiku. Kila anapobofya, maiti mmoja anatolewa, mpaka anapatikana mzima. Ndiyo maana Jumatatu ni vilevile.

Dawa ni `testOnBorrow="true"` na `validationQuery="SELECT 1"`, kama kwenye mfano wa juu. Kwenye hodhi ya kawaida ya Tomcat 9 ukaguzi huo umewashwa tayari, kwa hiyo ukiona kosa hili baada ya kuhama, tafuta nani ameandika `testOnBorrow="false"`, au kama unatumia ile hodhi nyingine, ambako umezimwa mpaka uuwashe. `maxConnLifetimeMillis` ya nusu saa inamalizia kazi.

`autoReconnect=true` unayoiona kwenye mafunzo ya zamani achana nayo. Inaweza kuunganisha upya katikati ya muamala, nusu ya kazi ikapotea.

Kosa linasema "The server time zone value 'EAT' is unrecognized".

Seva iliyowekwa saa za Afrika Mashariki hujitambulisha kwa MySQL kama EAT, na matoleo ya mwanzo ya draiva 8.0 hayaelewi herufi hizo. Weka `serverTimezone=Africa/Dar_es_Salaam` kwenye url. Kuanzia 8.0.23 jina ni `connectionTimeZone`, lakini la zamani linakubalika.

Usilinyamazishe kosa kwa kuandika UTC, kama wengi wanavyoshauriana. Sisi tuko mbele kwa saa tatu. Malipo ya simu yaliyoingia saa nane usiku yanaweza kusomeka saa tano usiku wa siku iliyotangulia, na hesabu za siku hazitakubaliana tena.

Makosa mengine na maana yake?

`Cannot create JDBC driver of class '' for connect URL 'null'`: `web.xml` inaomba jina ambalo hakuna Resource iliyolibeba. Linganisha herufi kwa herufi. `ChamaDB` na `chamaDB` ni vitu viwili.

`Public Key Retrieval is not allowed`: MySQL 8 inatumia `caching_sha2_password` na muunganisho hauna usimbaji. Washa TLS, ndiyo usimbaji wenyewe. `allowPublicKeyRetrieval=true` iruhusu tu pale kanzidata ipo kwenye mashine ileile.

`No appropriate protocol`: masasisho ya Java tangu Aprili 2021 yamezima TLS 1.0 na 1.1, na MySQL yako au draiva ni ya kale mno. Anza na draiva.

`Communications link failure`: MySQL haijawaka, au `bind-address` ni 127.0.0.1 na wewe unatoka mashine nyingine, au ukuta wa moto.

Ukurasa wenye `[` au `|` kwenye anwani unaleta 400: Tomcat za sasa hazikubali herufi hizo. Rekebisha programu, ukishindwa, `relaxedQueryChars` kwenye Connector.

Umeme ukirudi, MySQL inawaka lakini programu inatoa 404.

Tomcat imewahi. Imeomba muunganisho wakati MySQL bado inajirekebisha baada ya kuzimika ghafla, ikakosa, ikaiacha programu bila kuiwasha. Kwenye faili la systemd la Tomcat:

```
[Unit]
Wants=network-online.target mysql.service
After=network-online.target mysql.service
```

Kama kanzidata iko kwenye mashine nyingine, mistari hiyo haisaidii. Weka kwenye `[Service]`:

```
ExecStartPre=/bin/sh -c 'until nc -z 10.0.0.5 3306; do sleep 3; done'
TimeoutStartSec=300
```

Na UPS iwe na waya wa kuiambia seva ijizime. Isiyo na huo waya inachelewesha tu kuzimika kwa ghafla.

Tunaweza kuacha Tomcat ofisini Ngamiani na kanzidata ikakaa Dar es Salaam?

Inawezekana, ila pima kwanza. Ukurasa unaouliza kanzidata mara 60, na `ping` ni milisekunde 15, unakula karibu sekunde nzima njiani kabla ya kazi yoyote. Viweke pamoja, popote utakapochagua.

Tupandishe na MySQL usiku uleule?

Hapana. Kitu kikivunjika hutajua ni kipi. Tena Tomcat unaweza kuirudisha nyuma kwa Nginx, lakini MySQL 8 hairudi 5.7 isipokuwa kwa kufungua nakala rudufu, na kila kilichoingia baada ya nakala hiyo kimepotea. Zamu ya MySQL ikifika, njia ni 5.7 kwenda 8.0, kisha 8.4, huruki daraja.

Tuhamishe saa ngapi?

Jumamosi usiku kwa ofisi nyingi, si mwisho wa mwezi. Mawakala wa bandarini waulize kwanza: meli ikiwa gatini, hawana Jumamosi. Na ukipanga nakala rudufu kwa cron (kipanga kazi cha Linux), kumbuka kompyuta haijui saa zetu. Saa nne usiku ni `0 22 * * *`. Ukiandika `0 4`, nakala rudufu itachukuliwa saa kumi alfajiri, muda mrefu baada ya wewe kumaliza kuhama.

Tujaribu nini kabla ya kufungulia watu?

Ingia, tafuta, hifadhi, chapisha risiti, toa ripoti ndefu kuliko zote, pakia picha. Sajili mtu wa kata ya Mng'aro, Lushoto: alama ile ya `'` ikivunja ukurasa, msimbo unaunganisha maneno ya SQL kwa mkono na mtu yeyote anaweza kupenyeza amri zake. Halafu waombe watu kumi waingie kwa wakati mmoja, wakati wewe unatazama:

`SHOW STATUS LIKE 'Threads_connected';`

Namba ipande, kisha watu wakitulia irudi karibu na `maxIdle`. Ikipanda tu bila kushuka, rudi kwenye swali la hodhi inayokauka.

Ile ya zamani tuifute lini?

Izime mara tu Nginx ikishageuzwa, ili isiendelee kushika miunganisho wala kufanya kazi zake za usiku mara ya pili, mfano kutuma SMS za marejesho. Folda yake iache hapo mpaka mwisho wa mwezi mmoja upite na ripoti zikubaliane. Kisha ifunge kwa `tar`, ihamishie kwenye diski ya nje, na uifute kwenye seva pamoja na faili lake la systemd, isije ikawaka yenyewe siku umeme ukirudi.